Jina la Mtoto na Nyapara wa Seva

Sogeeni, mkae mnapoweza kusikia. Hadithi hii nitaianza mimi lakini sitaimaliza mimi. Mwisho wake mnao nyinyi, na nawaonya mapema kwamba mtagombana. Nimeisimulia mara nne, na mara zote nne watu wameondoka wakibishana hata mmoja akavaa ndara zisizo zake.

Palikuwa na wanawake watatu waliofanya kazi chumba kimoja.

Wa kwanza aliitwa Zawena, na huyu alijaliwa macho. Simaanishi kuona mbali. Namaanisha kwamba alisoma yale ambayo mimi na wewe huyaruka. Ukimpa ile karatasi ya maelezo ya dawa iliyokunjwa mara nane ndani ya boksi, ataikunjua na kuisoma mpaka anwani ya kiwanda.

Wa pili aliitwa Tunu, na huyu alijaliwa mikono. Redio iliyowashinda mafundi watatu ilikubali kwake. Alikuwa na tabia ya kuongea na kitu anachokitengeneza: anakibembeleza kwanza, kisha anakitukana, kisha anakibembeleza tena.

Wa tatu aliitwa Mwasiti, mtu mzima kuliko wenzake, na huyu alijaliwa kutochoka. Kabla ya kuajiriwa pale alikaanga vitumbua miaka kumi na sita, na wateja wake wanaapa hakuwahi kuunguza hata kimoja. Shule yake iliishia darasa la saba, lakini mpe kitu akitazame, atakitazama mpaka kichoke chenyewe.

Walifanya kazi katika kituo cha tahadhari ya mafuriko cha Mto Ngelewa. Kando ya mto ule zimesimikwa nguzo kumi na moja za kupimia maji. Kila baada ya dakika tano, kila nguzo hutuma kipimo chake kwa mtandao wa simu mpaka kwenye seva, ile kompyuta kubwa isiyolala, iliyofungiwa katika chumba cha baridi huko mjini. Seva hupiga hesabu. Ikiona maji yanapanda kupita alama, hutuma ujumbe, na king'ora kilichofungwa juu ya paa la shule ya kijiji hulia. Watu wakikisikia wanakimbilia mlimani. Ndiyo kazi yote, na mnaona wenyewe kwamba si ya kufanyia mzaha.

Sasa aje mwenye hadithi. Huyu ni Bi. Mwanamvua wa Kibirikani, kijiji kimoja cha kando ya mto huo, mkulima wa mpunga, mjane wa mwaka mmoja, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto. Hakujua seva ni mnyama gani. Alichojua ni kwamba binti yake, Sikudhani, alikuwa na siku sita tangu ajifungue mtoto wa kike, na mtoto hana jina.

Huko Kibirikani wana desturi yao. Mtoto aliyezaliwa siku ya balaa hupewa jina la mtu aliyeiepusha balaa hiyo, na mtu huyo huwa somo wake. Somo si jambo la kuchezea. Humletea mtoto kanga ya kwanza, hukaa naye anapovunja ungo, husimama siku ya ndoa yake, na mtoto akigombana na mama yake ndiko anakokimbilia. Jina ni moja na somo ni mmoja. Ukimpa mtoto majina mawili, wanasema, umempa milango miwili na atalala nje. Na wanaamini, kwa imani isiyotikisika, kwamba mtoto hufuata tabia ya somo wake.

Asubuhi ya siku ya saba, bibi mzaa mama humnong'oneza mtoto jina sikioni mara tatu. Bibi akifika asubuhi hiyo mdomo mtupu, haki inahamia kwa upande wa baba. Na upande wa baba alikuwepo shangazi mmoja, Binti Kejo, ambaye jina lake alikuwa nalo tayari tangu siku ya kwanza. Alitaka mtoto aitwe Mafuriko.

"Mafuriko!" Bi. Mwanamvua aliwaambia majirani. "Mjukuu wangu atembee maisha yake yote akiitwa kwa kitu kilichomuua babu yake!"

Kwa hiyo siku ya sita alipanda lori la mpunga, kikapu cha mchele mpya mapajani, akashuka mjini mbele ya kituo. Mkuu wa kituo, Bwana Mlowe, alimpokea kwa heshima.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Nimekuja kuchukua jina la mtu aliyepiga king'ora."

Bwana Mlowe akacheka kidogo, kwa adabu. "King'ora hakipigwi na mtu, bibi. Kinalia chenyewe."

"Kama kinalia chenyewe, mwaka jana mbona hakikulia?"

Kicheko cha Bwana Mlowe kikakatikia njiani. Maana mwaka jana, masika, maji yalifika Kibirikani saa nne asubuhi na king'ora kikalia saa sita. Kwa muda huo wa katikati mume wa Bi. Mwanamvua, Mzee Ngwale, alikuwa ameteremka bondeni kufungua mbuzi. Mbuzi wawili walirudi. Yeye alipatikana siku ya tatu.

Bwana Mlowe aliinuka, akaenda kuwaita wale watatu. Wakaja, wakamwamkia, wakakaa kwenye benchi moja mbele yake. Ukutani nyuma yao palikuwa na ubao mdogo ulioandikwa kwa chaki: SIKU 6 BILA KUZIMA.

"Mtoto wenu na seva yetu umri mmoja," Tunu alisema alipoona bibi anautazama. "Nitakueleza, maana hiyo nayo ni habari yangu, na si ya kujisifia."

"Anzeni mnakotaka," bibi alisema. "Ila semeni kwa lugha ninayoielewa. Nani kati yenu aliyemwokoa binti yangu?"

Wakatazamana. Zawena ndiye aliyeanza, na alianza kwa jambo ambalo hakuna aliyemtegemea kulisema.

"Bibi, siku ile ya mzee, aliyekuwa zamu ni mimi."

 Bwana Mlowe akatazama viatu vyake.

"Nilikuwa nimekaa pale," Zawena akaendelea, akinyoosha kidole kwenye kiti cha mbele ya kioo cha kompyuta. "Taa ya seva ilikuwa ya kijani. Ya kijani maana yake mambo ni sawa. Nikaenda kunywa chai. Baadaye, habari zilipofika, kila mtu hapa alisema ni mtandao wa simu ndio uliochelewesha ujumbe. Taarifa ikaandikwa hivyo, ikapelekwa juu. Mimi sikuweza kulala. Nikaanza kusoma rekodi za seva. Seva huandika kila inachofanya, mstari kwa mstari. Nilisoma wiki tatu."

"Ukaona nini?"

"Bibi, chukulia seva ina kabati na meza. Kabati ni kubwa, ndimo vitu vyote vinamowekwa. Meza ni ndogo, ndipo kazi inapofanyiwa, na sisi tunaiita kumbukumbu ya seva. Kila programu inataka nafasi mezani. Ipo programu ya kuchora ramani, ipo ya ripoti, ipo ya kutuma ujumbe wa king'ora. Meza ikijaa, seva inatafuta nani wa kumrudisha kabatini, na inamchagua yule ambaye hajashika kazi kwa muda mrefu. Sasa nani hana kazi siku zote? Ni king'ora. Kinaamka siku ya hatari tu. Siku ile ramani ilitanuka ikajaza meza, king'ora kikawekwa kabatini, na kilipohitajika kilitolewa kidogokidogo kwa saa mbili na nusu. Amri ya kukipiga ilikuwa imeandikwa saa tatu na nusu. Ilikuwepo, bibi. Ilikuwa imekwama humu ndani, si kwenye mtandao."

Kusema hayo kulimgharimu. Alikwenda kwa Bwana Mlowe akamwambia taarifa iliyopelekwa juu ni ya uongo, iandikwe nyingine. Bwana Mlowe alighadhibika, akamvua usimamizi wa zamu, akampeleka meza ya nyuma kupanga mafaili. Zawena akaandika taarifa mwenyewe. Waswahili husema mficha uchi hazai, naye aliuanika uchi wake na wa kituo chote. Mwisho wa taarifa alitaja na dawa: isakinishwe programu ya kulinda kumbukumbu, inayokaa chinichini bila kuonekana, ikitazama meza usiku na mchana na kuamua nani akae na nani apishe. Pale kituoni waliipa jina. Waliiita Nyapara.

"Haonekani?" bibi aliuliza. "Halali? Ni jini?"

"Si jini, bibi," Mwasiti akasema. "Jini angekuwa na adabu zaidi. Nyapara yule alinitoa jasho."

Wakacheka, hata bibi, na chumba kikapata pumzi. Kisha ikawa zamu ya Tunu.

Kutaja dawa ni kitu kimoja, na kuinywesha ni kingine. Seva ile ilikuwa kuukuu, na kwa usalama ilikuwa imefungiwa isiguse intaneti. Masika yalikuwa mlangoni, kwa hiyo kuizima ilikuwa haramu. Tunu aliileta programu kwa flashi kutoka mji mkuu, akaichomeka, na seva ikaikataa. Programu ilikuwa ya leo, seva ya juzi. Mafundi wawili walioitwa walishauri inunuliwe seva mpya, wakaaga, wakaenda zao.

Tunu hakwenda. Alichukua kompyuta mbovu stoo, akaifanya ifanane na seva ile hatua kwa hatua, apate mahali pa kukosea bila kumdhuru mtu. Akaufungua msimbo wa programu, akauunda upya ukubaliane na seva ya zamani. Ilidai kitu cha kwanza, akakitafuta. Ilipokipata ikadai cha pili. Akaibembeleza, akaitukana, akaibembeleza. Siku ya kumi na tisa Nyapara alikaa sawasawa kwenye ile mbovu. Siku ya ishirini akamhamishia kwenye seva yenyewe ikiwa kazini, haijasimama hata sekunde moja. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na hiki aliyekiunda ni Tunu.

"Nikaandika amri ya kumwamsha," alisema, "naye akaamka. Nililia pale pale sakafuni. Waulize hawa."

"Alilia kweli," Mwasiti alithibitisha.

"Sasa nikuambie na la pili, maana hili litakufikia hata nisiposema." Tunu aligeuka akautazama ubao. "Siku hiyo ubao ule ulikuwa umeandikwa mia sita na kumi na moja. Siku mia sita na kumi na moja bila kuzima. Tulikuwa tukijivunia. Kila asubuhi mtu anafuta, anaongeza moja, tunapiga makofi. Bibi, programu ya namna ile unaipa amri mbili. Ya kwanza inasema amka sasa. Ya pili inasema, kila seva itakapowaka, nawe uamke. Mimi nilitoa ya kwanza tu. Ya pili haikunijia kichwani, kwa sababu hapa kwetu seva haizimwi. Nani anamwandalia uji mtu asiyelala njaa?"

Bi. Mwanamvua alitikisa kichwa polepole. Kosa lile alilielewa vizuri kuliko yote aliyosikia asubuhi ile. Kijijini kwao kuna tuta lililokaa miaka ishirini bila kubomoka, na ni kwa sababu hiyo hiyo hakuna aliyelikagua.

Zamu ya tatu Mwasiti hakutaka kusema. Alisukuma daftari kubwa mezani, jalada limechakaa. "Mimi kazi yangu ni hiyo," alisema. "Basi."

"Sijui kusoma vizuri, mwanangu. Nisomee."

Ikawa Tunu ndiye anayesoma na Zawena ndiye anayeeleza. Nyapara alipoamka hakuwa na busara. Alikuwa mgeni, na mgeni hajui nani ni nani nyumbani. Wiki ya kwanza alimfukuza mezani yule anayepokea vipimo vya nguzo. Wiki ya pili alianza kupiga kelele za onyo kila robo saa, kwa jambo na lisilo jambo. Mwasiti ndiye aliyemfunza. Kila saa aliandika daftarini kwa mkono: nafasi ya meza imebaki kiasi gani, Nyapara amemtoa nani, amemrudisha nani, vitu gani viwili vinavyofanana amevifanya kimoja. Kutokana na safu hizo za namba akaanza kumwelewa. Alipunguza hapa, aliongeza pale kwenye faili la mipangilio, akisubiri siku nzima aone matokeo kabla ya kugusa tena. Na siku moja aliuliza swali ambalo wasomi wawili wa chumba kile walikuwa hawajaliuliza: "Huyu Nyapara naye si anawatoa wavivu? Basi king'ora si kitatolewa tena?"

Na kweli, kingetolewa. Akaandika mstari mmoja kwenye mipangilio, kwa herufi alizonakili kutoka kwa Tunu, wa kumwambia Nyapara kwamba king'ora kisiguswe kamwe.

"Kuzaa si kazi, kazi ni kulea," Mwasiti alisema, akiona haya kusifiwa. "Mimi nililea tu."

"Na huu wino mwekundu?" bibi aliuliza. Hakujua kusoma vizuri, lakini macho alikuwa nayo. Katikati ya daftari ulikuwepo ukurasa mmoja wenye mstari mwekundu juu mpaka chini.

Mwasiti alilivuta daftari karibu yake. "Hiyo ni siku niliyomlaza," alisema. "Alikuwa akinipigia kelele tangu alfajiri, kichwa kinaniuma, mjukuu wangu mgonjwa nyumbani. Nikaandika amri ya kumlaza. Nikamwacha amelala kutwa nzima, na nje mvua inanyesha. Mto haukupanda siku hiyo. Mungu tu. Ningeweza kujaza namba za uongo, hakuna ambaye angejua, ila nikaona hapana, niweke mstari mwekundu."

Basi, wasikilizaji wangu, sasa mnazijua zile siku mia sita na zaidi, na mnajua kila mmoja ameweka nini na amekosea wapi. Tufike siku yenyewe.

Saa saba mchana radi ilipiga nguzo ya umeme. Betri za akiba, ambazo hazikuwa zimewahi kuhitajika, zilizima papo hapo kama mshumaa uliopulizwa. Jenereta lilinguruma, umeme ukarudi, na seva ikawaka yenyewe. Taa ya kijani! Watu wakapongezana. Bwana Mlowe akaufuta ubao kwa huzuni, akaandika sifuri. Tunu hakuwepo, ilikuwa siku yake ya mapumziko. Zawena alikuwa meza ya nyuma na mafaili yake.

Saa nane kamili Mwasiti alifungua daftari aandike namba zake. Nafasi ya meza, akaandika. Nyapara amemtoa nani? Akatazama kioo. Hakuna. Amemrudisha nani? Hakuna. Kalamu ikabaki hewani. Ukiacha ile siku ya mstari mwekundu, katika wiki zote hizo safu ile haikuwahi kuwa tupu.

"Zawena," aliita, "njoo unitazamie. Taa ya kijani, lakini mtoto wangu halii."

Zawena aliacha mafaili. Hakuitazama taa, taa ilikwisha kumdanganya mara moja. Akafungua rekodi, akasoma kuanzia seva ilipowaka, mstari kwa mstari, akafika mwisho akasema, "Hajaamka kabisa. Hakuna aliyemwamsha."

Walimpigia Tunu, simu haipatikani. Lakini Tunu, siku ile aliyolia sakafuni, alikuwa ameandika amri ya kumwamsha Nyapara ndani ya jalada la daftari la Mwasiti, kwa kalamu nzito, na chini yake akachora jicho. Mwasiti akaiandika herufi kwa herufi kwa kidole kimoja. Nyapara akaamka, akaikuta meza tayari inakaribia kujaa, akaanza kupanga.

Saa tisa alasiri nguzo zote kumi na moja zilipiga kelele pamoja. Ramani ikatanuka. Nyapara akaisukuma pembeni. King'ora kilikaa mahali pake, hakikuguswa. Saa tisa na dakika nne kililia Kibirikani.

Sikudhani alikuwa bondeni, juu ya dungu, kile kichanja cha kuamia ndege wasile mpunga, ana mimba ya miezi tisa, kwa sababu mpunga ukiiva haumsubiri mtu ajifungue. Walimbeba kwa machela ya kanga mbili. Alijifungua shuleni kule mlimani, ndani ya chumba cha darasa la nne, chini ya ubao wenye hesabu za kugawanya. Saa kumi na nusu maji yalipita bondeni, na lile dungu walilitazama kutoka mlimani likienda zake.

Bi. Mwanamvua alisikiliza yote hayo kituoni, kikapu bado mapajani. Kisha akawauliza swali la mwisho.

"Nikimpa mjukuu wangu jina lako, utasemaje?" Alianza na Zawena.

Zawena machozi yalikuwa yakimtoka wazi. "Usinipe mimi, bibi. Kila utakapomwita mtoto utamkumbuka mzee."

"Namkumbuka hata nisipomwita mtu. Na wewe?"

"Mimi nalitaka," Tunu alisema. "Sitakuzungusha. Nina miaka thelathini na minane, sijajaliwa mtoto, na hakuna mtoto duniani aliyeitwa kwa ajili yangu. Lakini nikikumbuka ile amri ya pili, naona aibu kunyoosha mkono."

"Na wewe, mwenzangu?"

Mwasiti alifunga daftari. "Wapo watoto wawili wanaoitwa Mwasiti, wote kwa undugu. Kwa kazi hakuna. Ukinipa nitapokea kwa mikono miwili. Ukimpa mwingine hapa, nitamletea mtoto vitumbua vilevile."

Bibi aliinuka, akawagawia mchele sawa kwa sawa, kwa kikombe kimoja, bila kuzidisha punje. Mchele unagawika. Akamgeukia Bwana Mlowe, ambaye hakuwa ameketi tangu hadithi ya Zawena ianze.

"Na wewe baba, huyu bado yuko meza ya nyuma?"

"Yuko, bibi," akajibu kwa sauti ndogo.

"Hm," akasema bibi, akatoka.

Njiani dereva wa lori alipewa hadithi yote, akaitolea uamuzi upesi kama wafanyavyo madereva. "Muite Seva tu, bibi. Jina fupi, la kisasa."

"Endesha gari, baba," bibi alimjibu.

Asubuhi ya saba walikusanyika. Uji ulipikwa, ubani ukafukizwa. Binti Kejo alikaa karibu na mlango, amevaa vizuri, ametulia kwa utulivu wa mtu anayesubiri mwenzake ajikwae. Bi. Mwanamvua akampokea mtoto. Alikuwa mzito kuliko jana, amefumbua macho, anamtazama bibi yake bila kupepesa.

Na bibi akawaza. Mtoto hufuata tabia ya somo wake. Bonde hili linahitaji nani? Mtu wa kusema ukweli siku ambayo kila mtu ameukubali uongo, hata kama ukweli wenyewe unaanza na "ni mimi"? Lakini huyo ndiye aliyekunywa chai mzee akizama. Au mtu wa mikono, asiyeondoka mpaka kitu kikubali, na bila yeye ukweli wa yule wa kwanza ungebaki karatasi? Lakini huyo ndiye aliyesahau kwamba kisicholala kinaweza kulala. Au mtu wa kukaa, wa kutazama kila saa, ambaye siku ile safu tupu ilimshtua kuliko taa ya kijani? Lakini huyo naye, siku moja ya mvua, alichoka akamlaza mlinzi. Mtoe mmoja tu kati yao, na mtoto huyu asingekuwepo mapajani.

Binti Kejo akakohoa. "Mama, jua linapanda. Kama jina huna, sisi tunalo."

"Ninalo," alisema Bi. Mwanamvua, naye alikuwa nalo kweli, wakati ule ule. Akainama. Akasogeza midomo kwenye sikio la mtoto, lile la kulia, dogo kama jani changa la kunde.

Jina alilolinong'ona mimi nalijua, ila sitalisema, maana nikilisema mtalala. Nawarudishia nyinyi. Wewe uliyekaa pale mbele, na wewe wa nyuma unayejifanya husikilizi: mtoto amewekwa mikononi mwako, ana siku saba, ana sikio moja wazi, na jina ni moja. Zawena, Tunu, Mwasiti. Je, ungemnong'oneza lipi?